Somo la 12: Ziwa Lililozungukwa na Nyumba

Tangu zamani watu wamependa kujenga karibu na maji. Ziwa au bwawa huwapatia maji ya matumizi, samaki wa kitoweo na upepo mwanana. Lakini nyumba zinapoongezeka kando ya ziwa, uchafu wake nao huongezeka, na mara nyingi huishia majini. Katika somo hili utajifunza jinsi ziwa linavyochafuka, jinsi viumbe wake wanavyodhurika, na jinsi watu wanavyoweza kuliokoa.

Mwani na chakula chake

Maji ya bwawa yakiwekwa katika gilasi na kutazamwa kwenye mwanga, huenda yakaonekana na rangi ya kijani. Rangi hiyo ni ya mwani. Mwani mwingi wa ziwani ni viumbe vidogo mno, visivyo na mizizi wala majani. Hujitengenezea chakula kwa kutumia mwanga wa jua, kama mimea ifanyavyo.

Mwani kidogo hauna madhara. Wanyama wadogo wa majini hula mwani, samaki hula wanyama hao, na ndege kama mdiria na furukombe hula samaki. Bila mwani, wote hao wangekosa chakula.

Kama mahindi shambani, mwani huhitaji virutubisho, hasa fosforasi na naitrojeni. Katika ziwa safi virutubisho hivi ni haba, na kwa hiyo mwani hauzidi kiasi. Lakini vinyesi, mbolea za bustani na baadhi ya sabuni za unga vina virutubisho hivyo kwa wingi. Vikiingia ziwani, ni kana kwamba tumelitia ziwa mbolea.

Kwa nini samaki hufa?

Mchana mwani hutoa oksijeni. Usiku hautoi, bali huitumia, kama samaki wanavyoitumia. Tena, mwani unapokufa huzama na kuozeshwa na bakteria, ambao nao hutumia oksijeni nyingi. Kwa hiyo, mwani ukizidi, oksijeni huwa kidogo sana karibu na mapambazuko. Wakati huo samaki huonekana wakitweta juu ya maji, na wengi huweza kufa. Samaki wakiisha, ndege huhama na wavuvi hurudi mikono mitupu.

Ziwa lililopona

Ziwa Washington liko kaskazini-magharibi mwa Marekani, kando ya mji wa Seattle. Katikati ya karne ya 20, miji iliyolizunguka ilimwaga humo maji ya vyooni na jikoni. Maji hayo yalipitishwa kwanza katika mitambo ya kuyasafisha, lakini mitambo hiyo haikuondoa fosforasi yote. Mwaka 1955 wanasayansi waliona humo aina ya mwani ambayo ni dalili ya ziwa linaloharibika. Profesa W. T. Edmondson wa Chuo Kikuu cha Washington aliwaeleza wananchi chanzo chake.

Mwaka 1958 wakazi walipiga kura na kukubali kugharamia kazi ya kuliokoa ziwa lao. Kuanzia mwaka 1963 hadi 1968 mabomba makubwa yalijengwa, na maji machafu hayakumwagwa tena ziwani.

Wanasayansi hupima uangavu wa maji kwa kisahani kilichofungwa kamba. Hukiteremsha majini mpaka kisionekane, kisha hupima urefu wa kamba iliyozama. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati wa kiangazi, kisahani kilitoweka katika kina cha meta 1 hivi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kilionekana hata kupita meta 5. Ziwa lilijisafisha lenyewe, baada ya watu kuacha kulichafua.

Wajibu wetu

Nasi tuna maziwa na mabwawa yanayozungukwa na nyumba. Katika Ziwa Victoria, gugu maji lililoenea sana miaka ya 1990 lilistawi kwa virutubisho kama hivyo. Kwa hiyo shika mambo haya:

1. Usifulie nguo wala kuosha vyombo ziwani. Chota maji, ukafulie mbali na ukingo.
2. Vyoo vijengwe mbali na maji.
3. Matete na mafunjo ya ukingoni yasifyekwe ovyo. Huzuia udongo na mbolea visiingie majini. Humo ndege hujenga viota, na samaki wachanga hujificha.
4. Usinywe maji yenye utando wa kijani, wala usiwanyweshe mifugo. Aina nyingine za mwani hutoa sumu isiyoondoka kwa kuchemsha.

Jaribio

Mwombe mwalimu achote maji ya bwawa. Wewe usiingie majini, kwa maana huenda mna vijidudu vya kichocho. Jaza chupa mbili nyeupe, A na B. Katika chupa B tia punje tano za mbolea ya chumvichumvi yenye fosforasi. Funika chupa zote mbili kwa kitambaa chepesi, uziweke dirishani kwenye mwanga kwa wiki mbili. Kila siku andika katika daftari lako rangi ya maji ya kila chupa. Ukimaliza kushika chupa, nawa mikono kwa sabuni.

Maswali

1. Taja vitu vitatu vinavyopeleka virutubisho ziwani.
2. Kwa nini samaki hutweta alfajiri katika ziwa lenye mwani mwingi?
3. Mitambo ya kusafisha maji ilikuwapo kando ya Ziwa Washington. Kwa nini ziwa liliendelea kuharibika?
4. Chupa ipi ilikuwa na rangi ya kijani zaidi? Eleza sababu.
5. Chunguza bwawa, mto au ziwa lililo karibu na kwenu. Uchafu huingia kutoka wapi? Zungumza na wenzako namna ya kuuzuia.