Mlango wa Balozi: Somo kutoka Nchi ya Uswisi

Muhula uliopita nilisimama katika chama chetu cha midahalo nikasema kwa majivuno kwamba nyumba ya balozi ni kipande cha nchi yake, na kwamba ukivuka kizingiti chake umekwisha toka Uganda. Wenzangu walipiga makofi. Mwalimu wetu wa historia hakupiga. Baadaye aliniita kando akaniambia, "Kijana, umesema vizuri jambo lisilo kweli. Nenda kasome, kisha uwaandikie wenzako." Makala haya ndiyo malipo ya deni hilo.

Lakini ninayo sababu nyingine. Mtoto wa mjomba wangu alikwenda kufanya kazi katika nchi moja ya Ghuba. Tajiri wake alimnyang'anya pasipoti, na kwa miezi mitano hakumlipa mshahara. Kila Ijumaa ndugu yangu huyo alipita mbele ya nyumba yenye bendera ya Uganda, wala hakuthubutu kuingia. Alipoulizwa sababu, alijibu, "Nilidhani mle ni mwa wakubwa." Sisi nyumbani hatukuwa na la kumshauri, maana hapana hata mmoja wetu aliyejua kazi ya balozi ni nini.

Basi nimechagua kusoma habari za mabalozi wa Uswisi. Nchi hiyo ni ndogo, imezungukwa na nchi nyingine pande zote, haina bahari, wala haikuwa na makoloni. Walakini kazi ya mabalozi wake imewafaa hata watu wasio raia wake, na humo ndimo lilimo somo.

UBALOZI NA UBALOZI MDOGO

Uswisi ya leo ilianza na katiba yake ya mwaka 1848. Siku zile ilikuwa na wajumbe wachache sana katika nchi za nje. Mahali pengi ilitegemea wafanyabiashara wake waliokaa ugenini. Sasa ina vituo vipatavyo 170 ulimwenguni. Tena raia wake zaidi ya 800,000 wanakaa nje ya nchi, na nchi yenyewe ina watu milioni tisa hivi. Kwa hiyo vituo hivyo si pambo. Ni mikono ya serikali kuwafikia watu wake walio mbali.

Vituo hivyo ni vya namna mbalimbali, na yafaa tuvitofautishe:

Kwanza, ubalozi. Huu huwa katika mji mkuu. Balozi husema na serikali ya nchi aliyopelekwa kwa niaba ya serikali yake. Balozi mmoja aweza kupewa nchi zaidi ya moja. Kwa mfano, sisi wa Uganda tumewekwa chini ya balozi wa Uswisi anayekaa Nairobi.

Pili, ubalozi mdogo. Huu mara nyingi huwa katika mji mkubwa wa biashara, hata kama si mji mkuu. Uswisi inayo hiyo New York, Mumbai, Shanghai na Istanbul. Kazi yake hasa ni watu: kutoa pasipoti, kuandikisha waliozaliwa, waliooa na waliofariki, kumtembelea raia aliye gerezani, na kumshauri aliyeibiwa au kuugua. Ubalozi pia hufanya kazi hizi.

Tatu, balozi mdogo wa heshima. Huyu hapokei mshahara wa mwezi kama mtumishi wa serikali. Aghalabu ni mtu mwenye kazi yake mwenyewe, aliyekubali kuisaidia Uswisi mahali ambapo haikuweka afisi kubwa. Wako karibu 200.

Tena yafaa tujue mipaka ya kazi hiyo. Balozi mdogo hawezi kumtoa mtu gerezani, wala kuwa hakimu wa kesi yake, wala kumlipia madeni. Mswisi aliyeishiwa fedha safarini aweza kukopeshwa na serikali yake, lakini ni mkopo, naye atarudisha.

JE, NI ARDHI YA KIGENI?

Hapa ndipo nilipokosea. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 hausemi kwamba nyumba ya ubalozi ni ardhi ya nchi nyingine. Ardhi ni ya wenyeji. Mkataba wasema kwamba nyumba hiyo haiingiliwi: askari wa nchi hawawezi kuingia bila ruhusa ya mkuu wa ubalozi, na serikali ya wenyeji imepewa wajibu wa kuilinda. Barua na mikoba ya kibalozi haifunguliwi. Wahenga wetu walikwisha sema kwamba mjumbe hauawi. Mkataba umeyaandika mawazo hayo kwa sheria.

Mkataba wa pili, wa mwaka 1963, wahusu mabalozi wadogo. Ndani yake mna haki inayomfaa kila msafiri: mgeni akikamatwa, lazima aambiwe bila kukawia kwamba aweza kuomba balozi mdogo wa nchi yake apelekewe habari.

KUAZIMA MLANGO

Sasa tuulize: nchi mbili zikigombana na kufukuziana mabalozi, raia waliobaki ng'ambo watakwenda wapi? Jibu ni kwamba nchi ya tatu huombwa iwaangalie. Wenyeji nao lazima wakubali.

Uswisi imeifanya kazi hiyo tangu zamani. Katika vita vya Ufaransa na Wajerumani, mwaka 1870 na 1871, iliwaangalia watu wa Bavaria na Baden waliokuwa Ufaransa. Katika Vita vya Pili vya Dunia ilibeba mambo ya nchi 35, tena zilizokuwa maadui: iliiwakilisha Marekani huko Ujerumani, na Ujerumani huko Marekani. Tarehe 14 Agosti 1945, jibu la Japani la kukubali kushindwa lilipita Bern, na mjumbe wa Uswisi aliyekuwa Washington, Max Grässli, akalikabidhi kwa serikali ya Marekani. Baadaye Uswisi iliangalia mambo ya Marekani nchini Cuba tangu 1961 hata 2015, na mwaka 1980 ilipokea kazi kama hiyo huko Iran.

Mtu aweza kusema, "Hiyo ni kazi ya kupeleka barua tu." Naam, lakini hebu msikie habari za mtu mmoja.

BWANA LUTZ WA BUDAPEST

Carl Lutz alizaliwa mwaka 1895 katika kijiji cha Walzenhausen. Mwaka 1942 alipelekwa Budapest, mji mkuu wa Hungaria, awe makamu wa balozi mdogo. Cheo chake hakikuwa kikubwa. Pamoja na kazi za Uswisi, aliangalia pia mambo ya nchi nyingine zilizokuwa vitani na Hungaria, Uingereza ikiwa mojawapo.

Mwezi wa Machi 1944 majeshi ya Ujerumani yaliingia Hungaria. Tangu Mei hata Julai mwaka huo, Wayahudi zaidi ya 430,000 walitiwa katika magari moshi wakapelekwa nje ya nchi, wengi wao Auschwitz, wakauawa. Watu walijazana mlangoni pa Lutz.

Yeye angeweza kusema, "Ninyi si Waswisi." Badala yake alitazama alichokuwa nacho mkononi. Palestina siku zile ilitawaliwa na Waingereza, na Lutz ndiye aliyeyaangalia mambo ya Uingereza. Basi alishindana na wakubwa wa Kijerumani na wa Kihungaria mpaka wakakubali watu wapatao 8,000 wapewe barua za kuhamia Palestina. Na mpaka siku ya kuondoka wawe chini ya ulinzi wa Uswisi. Kisha akaihesabu kila nafasi kuwa ya jamaa nzima, wala si ya mtu mmoja. Barua zilipofika mwisho wa hesabu, aliandika nyingine akirudia nambari zile zile, ili hesabu isipite idadi iliyokubaliwa.

Tena aliweka nyumba 76 chini ya ulinzi wa Uswisi. Mojawapo ilikuwa ya mfanyabiashara wa vioo, ikaitwa Nyumba ya Vioo. Humo peke yake walijificha watu wapatao 3,000. Kwa jumla inasemwa kwamba makumi ya maelfu waliokoka kwa kazi yake na ya wenzake.

Je, aliporudi kwao alipigiwa vigelegele? La. Alilaumiwa kwamba alizidisha mamlaka yake. Heshima ilimjia polepole: mwaka 1964 Yad Vashem ya Yerusalemu ilimtaja miongoni mwa wenye haki wa mataifa. Alifariki mwaka 1975. Mwaka 2018 ndipo chumba kimoja katika jumba la serikali huko Bern kilipopewa jina lake.

FAIDA KWETU

Nimejifunza mambo mawili. La kwanza: wingi wa afisi si kitu, kama mwenye shida hajui kwamba mlango ule ni wake. La pili: mlango hauna thamani kupita mtu anayekaa nyuma yake. Sheria ilimpa Lutz meza na muhuri. Yeye ndiye aliyeona kwamba muhuri waweza kumlinda mtu.

Na ndugu yangu je? Siku moja Mkenya mmoja waliyefanya kazi pamoja alimshika mkono akamwingiza. Karani alimsikiliza, akaandika majina yake, akampatia hati ya dharura ya kusafiria. Alirudi nyumbani akiwa amekonda. Mshahara wake wote hakuupata, maana ubalozi si mahakama. Lakini alirudi, na leo analima pamoja na baba yake.

Wazee wetu mliosoma hapa zamani, wengi wenu mmekwisha safiri, na wengine mna afisi zenu. Twawaomba, anapokuja kwenu kijana wa kijijini anayetaka kwenda ng'ambo, mwandikieni katika karatasi mahali ulipo ubalozi wetu katika nchi ile, na mmwambie aingie bila hofu. Nasi wanafunzi tuliosoma jiografia hatuna udhuru. Na pengine mmoja wetu atakaa siku moja nyuma ya meza ile. Basi amkumbuke Bwana Lutz.

MASWALI YA KUJIJARIBU

1. Kuna tofauti gani kati ya kazi ya ubalozi na ya ubalozi mdogo?
2. Kwa nini si sahihi kusema kwamba nyumba ya balozi ni ardhi ya nchi yake?
3. Lutz alitumia kazi gani ya Uswisi kuwaokoa watu wasio Waswisi?
4. Ndugu yako akinyang'anywa pasipoti ugenini, utamshauri nini?