Dondoo Muhimu: Kabla ya Kuweka Programu Mpya Chuoni

Fundi wa kompyuta chuoni, ambaye kila asubuhi hukabiliwa na haja za wahadhiri na wanafunzi, hana budi kuijaribu programu mpya mbali na mitambo ya kazi, ama katika kompyuta ya akiba, ama katika kompyuta pepe ya VirtualBox, ambamo hali iliyohifadhiwa mwanzo hurejeshwa kwa dakika chache mambo yakiharibika.

Chuo kinachotumia Moodle, mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni, kisithubutu kuweka toleo jipya kabla ya kunakili faili za programu yenyewe, hifadhidata, na folda ya moodledata. Kwani alama za wanafunzi zimo katika hifadhidata, na insha walizowasilisha zimo katika folda hiyo, hivyo aliyenakili kimoja akakisahau cha pili amehifadhi nusu tu ya amana aliyokabidhiwa. Kisha nakala hiyo irejeshwe kwa majaribio, ithibitike kuwa yafunguka.

Msimu wa mitihani si wakati wa kujaribu programu mpya, abadan.

Mwisho, mwombe karani wa masijala aitumie programu kwa shughuli yake halisi, nawe ukae kimya kando yake, uandike kila mahali anaposita, maana kasoro nyingi hudhihirika hapo.