Ukiacha kuchorea wateja na kuhamia rangi za mafuta

Kwa miaka mingi nilichora vielelezo vya vitabu vya kiada na mabango ya matangazo hapa Dar es Salaam. Sasa ninaishi kwa picha za rangi za mafuta. Vijana wakiniuliza waanzie wapi, huanza na habari ya fedha: usiwaache wateja wote kwa mkupuo. Mmarekani Edward Hopper alichorea majarida na matangazo hadi mwaka 1924, picha zake za rangi za maji zilipouzwa zote katika maonyesho mjini New York. Alikuwa na miaka 42. Bakiza mteja mmoja anayelipa kwa wakati, ukatae wale wa "wewe fanya, tutaelewana".

Mkono unao tayari. Kinachosumbua ni mstari. Mchora vielelezo huzungushia kila kitu mstari ili kisomeke kikichapishwa kidogo ukurasani, na kwenye turubai mstari huo huikausha picha. Nenda soko la samaki la Feri asubuhi, mtazame jodari aliyelazwa mezani, kisha finya macho. Upande wa mgongo, samaki na kivuli chake ni giza moja, huoni anapoishia. Tumboni mwanga unamtenga kabisa na meza. Anza na hayo mapande mawili, kwa brashi pana na rangi moja ya kahawia iliyozimuliwa kwa tapentaini. Macho na mapezi yatangoja. Kijivu cha ngozi yake usikitafute kwenye rangi nyeusi. Changanya bluu ya ultramarini na kahawia nyekundu, uongeze nyeupe kidogo kidogo.

Jambo gumu zaidi ni kwamba hakuna tena anayekwambia uchore nini. Mteja alikuletea wazo, ukubwa na tarehe ya kukabidhi. Sasa vyote ni vyako. Ushauri wangu: chagua mahali pamoja, ung'ang'anie hapo mpaka picha zianze kujibizana. Mimi nilichagua Feri. Tarehe ya kukabidhi endelea kujiwekea mwenyewe; hiyo ndiyo tabia bora tuliyopata kwa wateja.

Kuhusu vifaa, rangi za makopo za duka la vifaa vya ujenzi ndizo zilizojenga Tingatinga, na kwa mtindo ule zinafaa sana. Lakini hukauka upesi, hazikupi muda wa kulainisha kingo. Nunua rangi za tyubu, chache lakini nzuri. Seremala akutengenezee fremu, uwambe kitambaa kizito cha pamba, ukipake praima ya akriliki mara mbili ili mafuta yasile nyuzi.

Tabaka la chini liwe na mafuta machache, la juu mengi zaidi. Rangi hii hukauka kwa kunyonya oksijeni, na yenye mafuta mengi huchelewa. Ukigeuza mpangilio, la juu litakauka huku la chini bado linacheza, na picha itapasuka. Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani usiyarundike pembeni: hujipasha joto yenyewe hata kuwaka moto. Yatie kwenye kopo la bati lenye maji na mfuniko.

Picha zikifika kiasi cha kujaza ukuta, zionyeshe. Nafasi Art Space pale Mikocheni ina studio na hufanya maonyesho. Nenda ukakutane na wenzako. Bei ipange kwa ukubwa wa picha, ukihesabu na kamisheni ya jumba la maonyesho, ambayo inaweza kufika nusu. Iwe bei moja kwa shemeji na kwa mtalii. Kwenye stakabadhi andika kwamba umeuza picha, si haki ya kuichapisha. Na kama rangi ni nene, vanishi ya mwisho isipakwe kabla ya miezi sita hivi. Mwambie mnunuzi airudishe wakati huo uipake mwenyewe, bila malipo.