Kubadilisha Gunia Hakufungi Ripoti: Namna ya Kuandika na Kumaliza Kasoro za Ubora Kazini

Kiwanda cha sukari cha Ruembe kiko upande wa Kilosa wa Mto Ruaha Mkuu. Kile cha Msolwa kiko ng'ambo, upande wa Kilombero, na vyote viwili ni vya Kampuni ya Sukari Kilombero. Miwa inayosagwa hapo hutoka mashamba ya kampuni na ya wakulima wa nje, wakiwamo wa Ruhembe na Kidodi. Kati ya shamba na gunia la kilo 50 kuna wakata miwa, matrekta, mizani, maabara, vinu, wapakiaji na ghala. Mlolongo mrefu namna hii haukosi kasoro. Swali ni je, zikitokea zinaandikwa wapi, na nani anahakikisha hazirudi?

Makala haya hayaelezi programu ya kampuni fulani. Yanamfaa yeyote anayetumia mfumo wa kompyuta wa kusimamia ubora, awe kiwandani, karakanani, kwenye kinu cha mpunga au ofisi ya chama cha ushirika wa mazao (AMCOS).

Kasoro ipi iandikwe?

Andika kila jambo lisilotimiza takwa lililowekwa. Takwa linaweza kutoka kwenye kiwango cha Shirika la Viwango Tanzania (TBS), mkataba wa mnunuzi, sheria, au utaratibu wa kazi mliojiwekea. Sukari yenye unyevu kupita kiasi ni kasoro. Gunia pungufu ni kasoro. Kipimajoto ambacho muda wake wa kuhakikiwa umepita nacho ni kasoro, hata kama hakijaharibu chochote.

Miwa iliyochelewa nayo isisahaulike. Muwa ukishachomwa na kukatwa, sukrosi yake huanza kuvunjika, na bakteria huzalisha utelezi unaosumbua uchujaji na uundaji wa fuwele. Kwa kuwa mkulima hulipwa kwa uzito na kwa kiwango cha sukrosi, tela lililolala njiani linamgusa yeye mfukoni kabla halijamgusa mwingine.

Andika ulichokiona

Tuchukue mfano wa kufikirika. Ripoti ya kwanza inasema: "Magunia yana shida, wapakiaji wa usiku ni wazembe." Ya pili inasema: "Mstari wa pili wa kupakia, saa 02:40. Magunia 6 kati ya 20 yaliyopimwa upya yako chini ya kilo 50. Jepesi kuliko yote lina kilo 49.6. Namba ya mizani na namba ya kundi la uzalishaji zimejazwa, picha zimeambatishwa."

Ya kwanza inazua ugomvi, ya pili inaanzisha kazi. Ripoti nzuri hujibu maswali machache: nini kimeonekana, wapi, lini, kwa kiasi gani, takwa lipi limevunjwa, na ushahidi uko wapi. Jina la mtu wa kulaumiwa halina nafasi humo.

Kuwa makini na saa. Mifumo mingi huhesabu saa 24 kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo saa 8:40 usiku kwa saa zetu ni 02:40 kwenye mfumo. Ukiandika 08:40, umeihamishia kasoro kwa watu wa zamu ya asubuhi, na uchunguzi wote utaanza mahali pasipo penyewe.

Umeme au mtandao ukikatika, tumia fomu ya karatasi yenye namba, kisha iingize kwenye mfumo kabla zamu haijaisha na uambatishe picha ya fomu hiyo. Usimpe mwenzako nywila yako. Mfumo hutunza kumbukumbu ya nani aliandika nini na alibadilisha lini, na kumbukumbu hiyo haina thamani watu watano wakiingia kwa jina moja.

Zuia kwanza, chunguza baadaye

Mara ripoti ikipata namba, tenga mzigo. Weka lebo ya kuzuia kwenye magunia, na ubadilishe hali ya kundi hilo kwenye mfumo ili mtunza ghala asiweze kulitoa. Usiishie kwenye yale 6 uliyoyakuta. Rudi nyuma hadi kipimo cha mwisho kilichokuwa sahihi: kila gunia lililopita baada ya hapo linashukiwa mpaka lipimwe. Kisha mwenye mamlaka aamue kama yatajazwa upya, sukari itarudishwa kuyeyushwa, au mzigo utakataliwa. Kama sehemu imeshaondoka, mnunuzi aarifiwe.

Fukua chanzo

Kujaza upya magunia kunaondoa matokeo, lakini chanzo bado kipo. Njia rahisi ya kukifikia ilienezwa na kiwanda cha magari cha Toyota cha Japani: uliza "kwa nini" mara kadhaa mfululizo.

Kwa nini magunia ni mepesi? Sukari iliganda kwenye jukwaa la mizani, ikahesabiwa kuwa sehemu ya gunia. Kwa nini haikuonekana? Mizani haikusafishwa wala kurudishwa sifuri wakati wa kupokezana zamu. Kwa nini? Orodha ya usafi haiitaji mizani hiyo. Kwa nini? Orodha ni ya kabla mizani haijafungwa. Kwa nini haikuboreshwa? Hakuna aliyepewa jukumu la kupitia orodha kila kifaa kipya kinapofungwa.

Hapo ndipo penye dawa. Jibu likiishia kwa "mpakiaji alisahau", uliza tena, kwa sababu mwingine atasahau kesho.

Nani afunge ripoti?

Kiwango cha kimataifa cha ISO 9001 cha mwaka 2015, kifungu cha 10.2, kinataka kasoro ishughulikiwe, chanzo chake kitathminiwe, hatua ichukuliwe, ufanisi wa hatua hiyo upitiwe, na kumbukumbu zitunzwe. Watu wengi hukwama kwenye kupitia ufanisi. Ripoti hufungwa siku ambayo fundi amemaliza kazi, kabla haijajulikana kama kazi yake imesaidia.

Kila hatua iwe na mtu mmoja anayewajibika na tarehe ya mwisho. Baada ya hapo, acha muda uliokubaliwa upite, pima tena magunia ya zamu mbalimbali, ambatisha matokeo, na afunge mtu mwingine ambaye hakutekeleza marekebisho. Kasoro ikijirudia, ripoti ifunguliwe upya au iunganishwe na ya zamani, ili historia ionekane.

Mkulima na mlaji

Mkulima mwenye shaka na uzito au kiwango cha sukrosi atunze risiti ya mizani na ataje tarehe, namba ya gari na tani. Apeleke lalamiko kupitia chama chake na adai namba ya ripoti ili alifuatilie. Kuhakiki mizani ya biashara ni kazi ya Wakala wa Vipimo. Mlaji aliyenunua chakula chenye kasoro atunze kifungashio chenye namba ya kundi na aiarifu TBS, ambayo tangu 2019 ndiyo inayosimamia usalama wa chakula, kazi iliyokuwa ya Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA).

Neno kwa viongozi

Msihesabu ripoti ili kumwadhibu aliyeandika nyingi. Zamu inayoadhibiwa kwa kuripoti itaacha kuripoti, na kasoro zitajulikana kwa mnunuzi. Kila mwezi angalieni zipi zinajirudia, zipi zimepitiliza tarehe, na zipi zilifungwa bila ushahidi. Hizo za mwisho zifungueni upya leo.