Dafodili: usizipande na masika, usiziweke na vitunguu

Masika yakikaribia, mwenye jembe mikono humwasha. Kwa mahindi na maharage, haya, ingia shambani. Kwa dafodili, subiri. Tunguu la ua hili likikaa kwenye udongo unaotuamisha maji huoza kitako kabla ya kutoa jani, na fedha ya kuliagiza ndiyo imekwenda.

Dafodili ni ua la nchi za baridi. Huko Cornwall na Lincolnshire, Uingereza, hupandwa kuanzia Septemba, likalala ardhini wakati wa baridi kali, kisha likachanua baridi ikipungua. Bila usingizi huo wa baridi shina halirefuki ipasavyo. Lushoto na Njombe kuna ubaridi, ila hautoshi kwa ua hili. Anayetaka kujaribu itambidi atumie friji: wiki 12 hadi 16, nyuzijoto 5 hadi 9, matunguu yakiwa makavu ndani ya mfuko wa karatasi. Ukiyaingiza mwezi Machi, utayatoa Juni au Julai, masika yamepita na kipupwe kimeshika. Yapande kwenye tuta lililoinuliwa, kina cha sentimita 15, ncha ikitazama juu.

Sasa tuzungumzie hiyo friji, maana hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Usichanganye matunguu na matunda; gesi inayotoka kwenye ndizi au embe linaloiva huua ua likiwa bado changa ndani. Hilo ni hasara ya mfuko tu. Kubwa ni kwamba tunguu la dafodili linafanana mno na kitunguu maji. Mpishi akifungua friji jioni, umeme umekatika, atakata na kukaanga bila kushuku lolote.

Mmea mzima una sumu, na iliyo nyingi zaidi iko kwenye tunguu. Laikorini, ndiyo sumu yenyewe, huleta kichefuchefu, kutapika, maumivu ya tumbo na kuharisha, mara nyingi muda mfupi baada ya kula. Kupika hakuiondoi. Wengi hupona katika siku moja au mbili, lakini mtoto anayetapika hupoteza maji haraka. Mwaka 2015 mamlaka ya afya ya umma Uingereza iliyataka maduka makubwa yaweke dafodili mbali na mboga, kwa kuwa kuna watu waliokwishakula machipukizi yake wakidhani ni mboga. Kama kosa hilo hutokea kwao waliolizoea, sisi tusijidanganye. Andika SUMU kwenye mfuko, ufunge, na uwaambie wote wa nyumbani. Aliyekula asilazimishwe kutapika. Asukutue kinywa, apelekwe hospitali pamoja na kipande cha alichokula.

Mkata maua naye avae glavu. Utomvu una vijiwe vidogo vyenye ncha kama sindano, na wavunaji wa Ulaya wanaujua vizuri upele wake. Maua yaliyokatwa yakae kwenye ndoo yao peke yao usiku kucha kabla ya kuchanganywa na mengine, kwa sababu ute wake hunyausha tulipu na waridi.

Mtu atasema sumu hiyohiyo ndiyo kinga: fuko na panya hawali tunguu lake. Ni kweli, hawaligusi. Ila usipoteze shilingi kulizungushia shamba la viazi; fuko atalipita tu aelekee kwenye viazi.

Kibiashara, kwa maoni yangu, achana na dafodili za manjano. Kuna ndugu yake mweupe, Narcissus papyraceus, asiyehitaji friji: huchanua wiki nne hadi sita tangu kupandwa, hata kwenye bakuli la kokoto na maji. Harufu yake ni kali, si kila mteja ataipenda, na sumu anayo pia. Kabla ya kuagiza aina yoyote kutoka nje, pata kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA).

Jambo la mwisho ni mabaki. Bila baridi tena, mwaka wa pili utavuna majani matupu, na wengi huyang'oa matunguu na kuyatupa karibu na zizi. Uholanzi, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ng'ombe waliolishwa matunguu haya kwa uhaba wa malisho walidhurika. Chimba shimo, uyafukie mahali ambapo mbuzi hafiki.