Git au Mercurial? Mwongozo kwa Waandishi wa Programu Soin

Mtandao ukipotea Soin, kijana anayeandika programu na wenzake walio Kericho mjini hana haja ya kusimamisha kazi. Mfumo wa matoleo uliogatuliwa humpa kila mmoja nakala kamili, pamoja na historia yote ya mabadiliko. Ni ugatuzi hasa: kumbukumbu hazikai makao makuu pekee.

Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds, na Mercurial zilitoka Aprili 2005, zote bila malipo. Wanaoanza wengi huona Mercurial ni nyepesi. Lakini Bitbucket iliacha kuihudumia mwaka wa 2020, na msimbo wa Ushahidi, jukwaa lililozaliwa Kenya 2008, uko GitHub. Kundi linalotafuta wachangiaji lichague Git.

Kompyuta ikiibwa kabla mabadiliko hayajatumwa kwa wenzake, kazi hiyo imekwenda. Yatumwe kila mtandao unaporejea.