Kipawa na Malezi: Desturi ya Riadha katika Shule ya Upili ya St. Patrick's, Iten

Utangulizi

Ushindi wa wanariadha wa Kenya unapoelezwa, neno linalotangulia aghalabu ni kipawa. Nomino hii hutokana na kitenzi -pa, nayo humchukulia mshindi kuwa mtu aliyepewa: na damu, na ukoo, au na hewa nyepesi ya nyanda za juu. Malezi, nomino inayotokana na kitenzi -lea, hutajwa kwa nadra. Makala haya yanachunguza ni neno lipi kati ya hayo mawili linaloafiki zaidi desturi ya shule moja ya umma katika mji mdogo wa Iten, Kaunti ya Elgeyo Marakwet.

Chimbuko la Desturi

Iten uko kwenye ukingo wa Bonde la Kerio, takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Shule ya wavulana ya St. Patrick's ilianzishwa na watawa wa Kikatoliki mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mnamo 1976 aliwasili Bruda Colm O'Connell kutoka Ireland, aliyekuja kufundisha Jiografia. Hakuwa amesomea ukufunzi wa riadha. Alianza kwa kumsaidia Peter Foster, mwalimu Mwingereza, na Foster alipoondoka akaachiwa timu. Mlezi wa mabingwa, basi, naye alijifunza kazi yake uwanjani.

Mavuno yalionekana baada ya miaka kumi hivi. Ibrahim Hussein alishinda marathoni ya New York mwaka wa 1987, na mwaka uliofuata akawa Mwafrika wa kwanza kushinda ile ya Boston. Mwaka huo huo wa 1988, Peter Rono alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 mjini Seoul. Matthew Birir alitwaa ile ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji mjini Barcelona mwaka wa 1992.

Kipawa au Malezi?

Hoja ya hewa ina udhaifu ulio wazi: hewa hiyo huvutwa na wanafunzi wa shule zote za ukingo huo. Hoja ya damu ina uzito zaidi. David Rudisha, kwa mfano, ni mwana wa Daniel Rudisha, aliyekuwa katika kikosi cha Kenya kilichopata fedha ya mita 400 kupokezana vijiti mwaka wa 1968. Hata hivyo, rekodi ya dunia ya mita 800 aliyoivunja David mwaka wa 2010 ilikuwa imewekwa mwaka wa 1997 na Wilson Kipketer, mwanafunzi wa zamani wa St. Patrick's aliyekuwa akiiwakilisha Denmark. Wawili hao hawakuwa wa ukoo mmoja, wala Rudisha hakusomea shule hiyo. Kilichowaunganisha ni mkufunzi yule yule. Kipawa hakipokezwi kama kijiti, malezi hupokezwa.

Mti kama Ishara

Katika uwanja wa shule hiyo ipo miti iliyopandwa kwa heshima ya mabingwa waliosomea hapo. Mcheza kwao hutunzwa, na tuzo hii ina maana pana kuliko kombe. Kombe hutolewa likiwa limekamilika. Mti hupandwa ukiwa mche, ukahitaji mtu wa kuutunza. Kwa hiyo ishara yenyewe inaunga mkono malezi. Lakini jina linaloambatana na mti ni la mshindi peke yake. Wale walioamka naye alfajiri, wakamkimbiza hadi akawa bingwa, hawana mti.

Hitimisho

Desturi ya Iten inadhihirisha kwamba kipawa ni mbegu na malezi ni shamba. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba mabingwa huzaliwa tu hukata tamaa anaposhindwa mara ya kwanza. Anayeelezwa jinsi walivyolelewa hurudi uwanjani. Ni wajibu wa wanafunzi wa Kiswahili na fasihi simulizi kukusanya masimulizi ya wakimbiaji wasio na miti, wangali hai wa kusimulia. Bila sauti zao, historia ya shule hiyo itabaki orodha ya washindi, na neno malezi litaendelea kukosa ushahidi.